Hukumu ya Daktari wa Kitabuni

Kitabu kilichomtoa mama yangu hospitalini hakikuwa na jalada, wala hakikuwa na mwisho. Kurasa za nyuma alizivuta mlinzi wa geti. Nasema alizivuta, na nina maana hiyo hiyo: alizichana moja moja akafungia tumbaku, kwa sababu sigara zilikuwa adimu tangu malori ya mizigo yaanze kusafiri kwa msafara wa askari. Watu hunicheka nikisema kitabu kilimuua mtu. Na wacheke. Hawakuwepo.

Nilikuwa msichana mkubwa, wa kuolewa tayari, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko leo. Mama alikuwa Msomali wa upande wa Sangailu. Baba alikuwa Mbajuni aliyekuja Garissa kuchinja na kuuza nyama, akafia huko huko, kwa hiyo nyumbani kwetu tuligombana kwa Kiswahili. Baba alipofariki, mwenye neno juu yetu akawa kaka yake mama, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nilimwita abti, ndivyo Wasomali wamwitavyo mjomba, na sikuwahi kumwita vingine hata nilipomchukia.

Ulikuwa ule wakati. Serikali iliita vita vya shifta. Sisi tulisema "ule wakati" tu, na hakuna aliyeuliza upi. Jua likianza kushuka kila mtu anakimbilia ndani kwa ajili ya kafyu. Asubuhi malori ya jeshi yanapita kuelekea Wajir, na yakirudi tulijifunza kutotazama kilicholala nyuma chini ya turubai. Mtu akikosekana sokoni, hamuulizi. Mnangoja mkewe aanze kulia ndipo mjue.

Mama alikuwa na kifua kikuu. Alilazwa wadi ya wanawake, nami nilishinda naye mchana kutwa, nikimpikia uji na kumfulia. Kila asubuhi alidungwa sindano na dresa wa wadi, mhudumu wa sindano na vidonda, mtu wa bara, wa kule kwenye baridi na chai, mrefu, mkimya, ambaye l na r zilimpa taabu hata tukawa tunamwigiza akigeuka mgongo. Dawa yenyewe ilikuwa unga ndani ya kichupa. Aliutia maji, akautikisa mbele ya macho, akauvuta kwa bomba la kioo alilolichemsha kwenye sufuria juu ya stovu.

Tulipofika mama alikuwa akitema damu. Baada ya miezi ya sindano mashavu yalirudi, na siku moja akanifokea kwa kuunguza uji. Nililia kwa furaha. Dresa akacheka kidogo, kisha akaniambia neno ambalo ningetaka lichorwe ukutani: "Asikatize dawa. Akikatiza, ugonjwa utarudi na hasira, na hautaondoka tena."

Basi hilo ndilo lililokuwepo. Sindano zikiendelea, mama anaishi.

Kati ya wadi ya wanaume na ya wanawake palikuwa na veranda, na kwenye veranda kulikuwa na mwalimu mmoja aliyevunjika mguu kwa kuanguka kutoka kwenye lori. Mguu umefungwa plasta, hana pa kwenda, amechoshwa na kukaa bure. Kitabu alikikuta kabatini, kiliachwa na nesi wa Kizungu aliyerudi kwao. Kilikuwa cha Kiingereza. Mwalimu akawa anasoma ukurasa kimoyomoyo, halafu anatusimulia kwa Kiswahili, na wasiojua Kiswahili wananong'onezwa Kisomali na jirani. Kila alasiri, wageni wakishaswali, tunajaa pale na mikeka yetu.

Loo, mwalimu yule alijua kusimulia! Palikuwa na hospitali katika nchi ya baridi, kando ya ziwa. Palikuwa na daktari asiyependa maneno. Wagonjwa wake wanapona vizuri, wanafungasha nguo waende kwao, kisha kesho yake wamekufa. Na kila mmoja, kabla ya kufa, analalamika masikio yake yanalia. Kisha bibi mmoja tajiri naye anakufa. Kesi inafika mahakamani. Kaka yake yule bibi anaweka mkono juu ya kitabu kitakatifu, anaapa kwa sauti isiyotetemeka. Daktari anaitwa, anaulizwa, anasema, "Sina la kusema." Mwalimu akifika hapo ananyamaza, anajifanya anatafuta miwani, nasi roho mkononi.

Na maoni yalikuwa hayaishi. Mama mmoja aliyeungua mguu alisema kosa ni la wale wagonjwa wenyewe, kwa nini kila mmoja analala chumba chake? Mgonjwa anayelala peke yake anatafuta kuuawa. Mzee mmoja wa wadi ya wanaume, aliyeletwa kutoka Hadado na jicho bovu, alitaka kujua ziwa lile lina maji matamu au ya chumvi, na kama ni matamu mbona hakuna mfugaji hata mmoja kwenye hadithi. Lakini swali lililorudi kila siku lilikuwa la abti. Yeye alikuja kila alasiri kumwona dada yake, na mwisho akawa anakuja kumsikiliza mwalimu.

"Huyo daktari," abti akauliza, "ni wa ukoo gani?"

"Hana ukoo, mzee wangu," mwalimu akasema. "Ni mtu wa kubuniwa."

"Hakuna mtu hana ukoo. Huyu amekufa mwanamke. Dia, fidia ya damu yake, atatoa nani?"

Mwalimu alicheka mpaka plasta ikatikisika. Abti hakucheka. Watu wa mama wakisikia kifo kimesimuliwa, hawakisikilizi kama hekaya. Wanakisikiliza kama kesi. Wanashika kila neno la kila shahidi, na abti angeweza kukurudishia mwezi mzima wa hadithi ile bila kuruka hata kiatu.

Jioni moja mama akaninong'oneza, "Masikio yangu yanalia."

Nilimfuata dresa mbio. Hakuficha kitu. Alisema dawa ile ndiyo tabia yake, inasumbua masikio, inaleta kizunguzungu. Kama yatalia zaidi nimwambie, watampunguzia kiasi. Aliandamana nami mpaka kitandani akamweleza mama mwenyewe. Nami nikatulia. Ila mama wa mguu ulioungua alikuwa amesikia, na waliomo wadini wote wakasikia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Siku mwalimu alipofika kwenye ukurasa wa mwisho, akaufunua, akakuta hewa. Tulidhani anatutania. Aliinua kitabu juu, akatuonyesha mahali kurasa zilipochanwa. Mlinzi aliitwa, akakiri bila aibu, akasema karatasi zenyewe zilikuwa na ladha mbaya.

Watu wengine wangeenda zao. Watu wa mama hawaachi kesi bila hukumu. Abti alikaa katikati ya mkeka, wazee wa wadi ya wanaume wakajivuta wakamzunguka, na kesi ikasikilizwa upya tangu kifo cha kwanza. Ilikuwa raha, sitasema uongo. Kila mtu alipewa nafasi, hata wanawake kwa mbali. Mimi nilisema muuaji ni kaka mtu, maana ndiye wa kurithi. Abti akaniambia, "Naa, we msichana, kaa kimya. Yule aliaba." P kwake ilikuwa b, maisha yake yote. Yule aliapa! Mtu ameweka mkono juu ya kitabu cha Mungu, unataka nini zaidi? Na daktari aliulizwa mbele ya watu akasema hana la kusema. Hukumu ikatoka: daktari ndiye. Ngamia mia moja, walipwe na jamaa zake popote walipo. Mwalimu akapiga makofi, tukacheka, tukatawanyika kabla ya kafyu.

Siku chache baadaye akafa mwanamke wa kitanda cha dirishani. Aliletwa kwa mkokoteni wa punda akiwa mifupa mitupu, na dresa alikuwa amekwisha kusema amechelewa. Lakini alikuwa amedungwa sindano jana yake, na jana yake hiyo hiyo alisema masikio yanampigia filimbi.

Wadi ikawa baridi. Dresa alipita na sinia lake asubuhi, na mwanamke mmoja baada ya mwingine akajifunika shuka mpaka kichwani. Mama wa mguu ulioungua alinivuta mkono: "Unaona hawa wanaotupiga risasi barabarani? Unafikiri huku ndani wanatuponya?" Adhuhuri ndugu za mama huyo wa mguu walikuja wakamtoa wadini, wakambeba juu ya kitanda cha kamba.

Mama peke yake alitoa mkono asubuhi ile. Alifumba macho, midomo ikisoma sura ya Kulhuwallahu.

Alasiri abti akaja na wazee wawili. Nataka ieleweke, hawakuja na ubaya. Katika mila yao, pakiwa na tuhuma na shahidi hakuna, mtuhumiwa anapewa kiapo. Akiapa, mambo yake na Mungu wake, na atakayemsema tena anatozwa faini. Ni mlango wanaokufungulia utoke. Lakini ukikataa kuapa, umejihukumu mwenyewe.

Walimkuta dresa verandani akikunja bendeji. Abti alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani kwao, za watoto, za mvua. Kisha akamwambia: "Daktari, watu wanasema. Wewe aba tu, bas. Aba kwa kitabu chako, si chetu. Sema hujaua, na mimi mwenyewe nitalinda jina lako."

Dresa akaendelea kukunja bendeji. "Sijaua mtu," akasema.

"Mzuri. Sasa aba."

"Siapi, mzee. Nimesema sijaua. Imani yangu hainiruhusu kuapa."

"Kitabu chako kinakataa wewe uabe?"

"Ndiyo. Kinakataa."

Wazee wakatazamana. Nikaona, wallahi nikaona kwa macho yangu, jinsi walivyolisikia lile neno. Hata kitabu chake mwenyewe kimemkataa. Nikapiga kelele, "Mwapisheni mtu mwingine basi! Mwapisheni mlinzi!" Mzee mmoja akaniambia nikaoshe vyombo. Mwalimu alijaribu kusema jambo kutoka kitandani kwake, hakuna aliyegeuka.

Abti akasimama. Alikuwa na hasira ya mtu aliyefungua mlango kwa heshima akabamizwa nao. Akasema kwa Kisomali, mbele ya wote, kwamba dada yake akidungwa tena sindano na mkono wa mtu yule, basi mke wake ameachika.

Akaapia talaka. Hivyo tu, amesimama, viatu mkononi.

Nilimfuata dresa kwenye chumba cha kuchemshia. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nikamwambia, "Ungeapa tu! Neno moja! Ungekufa?" Alizima stovu. Kisha akafungua vifungo vya juu vya koti lake jeupe, akavuta kola pembeni. Kovu lilianzia shingoni likashuka begani, nene, limeng'aa. Akanieleza, bila kuinua sauti, kwamba kwao, wakati wa vita vya msituni, walikuja watu kutaka ale kiapo chao. Alikataa, wakamkata na panga, wakamwacha wakidhani amekufa. Alipopona, serikali ya Wazungu nayo ikamtaka aape kwamba hakuapa. Akakataa na hicho, wakamfunga.

"Kama ningekuwa mtu wa kuapa," akasema, "ningekuwa nimeapa siku hizo."

Nilikimbia mpaka soko la ng'ombe, buibui likinitoka kichwani. Abti alikuwa na wenzake. Nikamsimulia yote, kovu, panga, jela, pumzi zikinikatika. Wakanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha abti akatema mate ya mswaki, akasema, "Hadithi."

Hadithi! Daktari wa karatasi, asiye na mama wala baba, walimsimamishia kesi wakamtoza ngamia. Mtu wa nyama na damu aliyesimama mbele yao na kovu lake, yeye ndiye akawa hadithi. Niliwaambia maneno ambayo msichana hawaambii wazee, na siyajutii.

Mama ndiye aliyekuwa amebaki. Nilijua haogopi sindano. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia tubaki, abti apige kelele mpaka achoke. Akanishika kichwa.

"Namwamini yule kijana," akasema. "Mkono wake si wa muuaji. Lakini ndugu yangu ameapa. Wifi yangu ana watoto, na mimba nyingine. Nikitoa mkono kesho, nimemvunjia nyumba. Nitamtazama vipi usoni?"

"Utakufa, mama."

"Mungu ndiye mjuzi." Kisha, kwa sauti ya kunifokea: "Na wewe usimwambie. Umesikia? Wifi yangu asijue kamwe kwamba ni kwa ajili yake. Atabeba mzigo usio wake."

Lori la kwenda Ijara, njia ya Sangailu kwao mama, lilipata kibali wiki ile ile, maana abti alijuana na watu. Dresa alitoka mpaka getini. Alikuwa na vichupa vya dawa amevifunga kwenye kitambaa safi, akanipa mkononi, akasema huko mbele kuna zahanati, mtu yeyote mwenye bomba anaweza kumdunga, si lazima awe yeye. Nikafikiri, afanaleki, tumepona! Kiapo kilikuwa juu ya mkono wa mtu huyu, si juu ya dawa. Lakini abti alikuwa amesimama karibu. Alivichukua mkononi mwangu kwa upole, akavirudisha kwa mwenyewe. Dawa imepita mkono ule, akasema. Mama alimwambia dresa kwa Kiswahili alichojifunza kwa baba yangu, "Mwanangu, Mungu akulipe," na turubai likafungwa.

Huko Sangailu alikaa kwa mke wa abti, na kwa muda tulidhani tumeshinda yote, ugonjwa na onyo la dresa na maneno ya watu. Alikunywa maziwa, alitembea mpaka kisimani. Halafu kikohozi kikarudi, na kilirudi na hasira, vile vile kama nilivyoambiwa. Alifariki kabla ya mvua. Mke wa abti ndiye aliyempakata. Niliporudi Garissa dresa alikuwa amehamishwa, wadi ina vitanda vitupu, na mwalimu ameondoka na mkongojo wake. Sikuweza hata kumwambia mtu kwamba dresa alikuwa sahihi.

Miaka imepita, na mimi ni bibi. Binti yangu ni mwalimu wa sekondari, na ana ugonjwa wa kununua vitabu vya mtumba. Juzijuzi alikuwa jikoni kwangu akinisimulia alichosoma usiku, hospitali moja kando ya ziwa, daktari asiyependa maneno, wagonjwa masikio yanawalia. Niliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Kina mwisho hicho?" nikamuuliza.

"Mama, kitabu gani hakina mwisho?"

Aliniambia mwisho. Nikamwambia atie viatu, tunakwenda kwa abti.

Abti sasa haoni vizuri, lakini kichwa chake ni kile kile. Binti yangu alipotaja ziwa tu, akainua mkono: "Naijua hiyo kesi. Daktari ndiye. Ngamia mia moja." Mke wake alikuwa mlangoni na sinia la mchele, akichagua mawe, anatabasamu. Nikamwambia binti asome. Akasoma kurasa ambazo mlinzi alizivuta, akizigeuza Kiswahili taratibu. Daktari alikuwa amenyamaza kwa sababu alikuwa ameahidi kumfichia marehemu siri ya ugonjwa wake. Aliyewaua wote wale, ili kifo cha dada yake kisionekane cha pekee na kushukiwa, ni kaka yake yule bibi tajiri.

Abti alimgeukia binti yangu. "Yule aliyeaba?"

"Yule aliyeapa," nikasema. "Nawe uliapa, abti."

Mawe ya mchele yakaacha kulia kwenye sinia. "Aliapa nini?" mke wake akauliza.

Mama alinikataza. Nilimtii miaka yote hiyo, na siku ile sikumtii. Nikamwambia: aliapia talaka yako, kwamba mama asidungwe tena.

"Talaka ngapi?"

"Moja."

Aliweka sinia chini polepole. Hakunitazama mimi, alimtazama mumewe.

"Talaka moja ina rejea," akasema. "Ungeniacha asubuhi ukanirudia jioni. Ningekaa nje na watoto nikakungoja. Mbona sikuulizwa?"

Binti yangu akafunga kitabu.

"Kila siku nilikuwa namuuliza," mke wa abti akasema. "Amelala hapa mapajani mwangu, namuuliza, wifi, kwa nini umeacha dawa? Aliniambia amechoka na sindano."